Kikulacho ki Nguoni Mwako: Kongosho, Damu Iliyofichika Tumboni na Lugha ya Mgonjwa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii aghalabu hufundishwa madarasani kama onyo dhidi ya rafiki mnafiki au jamaa msaliti. Katika makala haya tutaitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na mwili wenyewe. Kipo kiungo tumboni, yaani kongosho, ambacho miongoni mwa kazi zake ni kutengeneza maji ya kusagia chakula. Kiungo hicho kikiugua, maji hayo hayo huweza kukila kiungo chenyewe, yakala na mishipa ya damu iliyo jirani, na damu ikaingia utumboni bila mtu kujua itokako.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, yananuia kueleza kwa Kiswahili vyanzo adimu vya kuvuja damu tumboni vinavyotokana na kongosho, pamoja na matibabu yake. Pili, yanakusudia kuonyesha kuwa utambuzi wa maradhi haya hutegemea sana mpangilio wa maneno ya mgonjwa, na kwa hivyo mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuchangia hata pale ambapo hakusomea udaktari.

Msukumo wa kuyaandika ni kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita, mjomba wangu, mkazi wa Kilifi, alilazwa katika hospitali moja kwa sababu ya kwenda choo cheusi na kuishiwa damu. Daktari wa zamu alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, hakujua Kiswahili. Nikaombwa nifasiri. Mjomba, baada ya kusitasita kwa haya, alisema hivi: "Mpwa wangu, maumivu huja yakijaa kama maji ya bamvua. Yakishajaa sana, hutulia yenyewe. Yakishatulia, ndipo choo huwa cheusi." Nami nikamwambia daktari, kwa Kiingereza, kwamba mgonjwa ana maumivu ya tumbo na choo cheusi. Hiyo ndiyo tafsiri niliyoitoa, na nilidhani nimefanya kazi nzuri. Tutaona hapa chini nilichokiangusha njiani.

Kongosho: Mahali Pake na Kazi Yake

Kongosho hulala nyuma ya mfuko wa chakula, limejinyoosha kutoka kulia hadi kushoto kwa urefu wa sentimita 15 hivi. Kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni, ambayo ni sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Mkia wake unafika penye wengu, kiungo ambacho wasemaji wengine hukiita bandama. Katikati ya kongosho, kutoka mkiani hadi kichwani, unapita mrija mkuu ambao Johann Georg Wirsung aliueleza mjini Padua, Italia, mwaka 1642. Mrija huo hukutana na mrija wa nyongo, kisha hufungukia duodeni kwenye kinundu kidogo mfano wa chuchu.

Kazi za kongosho ni mbili. Ya kwanza ni kutoa homoni, ikiwemo insulini inayodhibiti sukari katika damu. Ya pili ni kutengeneza vimeng'enya vya kusaga protini, mafuta na wanga. Katika hali ya uzima, vimeng'enya vikali zaidi hutoka vikiwa vimelala, na huamshwa vinapofika duodeni tu. Kongosho linapopata uvimbeuchungu, vimeng'enya huamka kabla ya wakati, vikiwa bado ndani ya kongosho lenyewe. Sababu kubwa za hali hiyo ni pombe nyingi ya muda mrefu na vijiwe vya nyongo. Nyingine ni majeraha ya tumbo na aina ya ugonjwa sugu wa kongosho ulioelezwa katika nchi za joto, hasa jimbo la Kerala nchini India.

Ni muhimu kutaja hapa majirani wa kongosho. Ateri ya wengu, iliyo kubwa na yenye kujipindapinda, hupita ukingoni mwake juu. Vena ya wengu imeegemea mgongo wake. Ateri iendayo kwenye mfuko wa chakula na duodeni hupita kando ya kichwa chake. Vimeng'enya vikivuja, hawa ndio wanaotafunwa wa kwanza.

Vyanzo vya Damu Kutoka Kongosho

Kabla ya kuvichambua vyanzo hivi, sharti tuviweke mahali pake. Mtu anayetapika damu au kwenda choo cheusi katika eneo letu la Afrika Mashariki, kwa kawaida ana tatizo lililo la kawaida zaidi. Huenda ikawa ni vidonda vya tumbo vinavyosababishwa na bakteria wa Helicobacter pylori au na dawa za kutuliza maumivu. Huenda pia ikawa ni vena zilizotuna kwenye umio kwa sababu ya ugonjwa wa ini, au kwa sababu ya kichocho cha tumbo ambacho hupatikana katika sehemu kama pwani za Ziwa Viktoria na mashamba ya mpunga ya Mwea. Kongosho ni chanzo cha nadra. Hata hivyo, unadra wake ndio hatari yake, kwa kuwa kisichotarajiwa hakitafutwi.

(a) Damu ipitayo katika mrija wa kongosho

Mwaka 1931, Lower na Farrell walieleza habari za mgonjwa ambaye ateri yake ya wengu ilikuwa imetuna na kumwaga damu ndani ya mrija wa kongosho. Mwaka 1970, mpasuaji Per Sandblom aliipa hali hiyo jina la hemosukasi pankreatikasi. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi katika maandishi ya kitabibu ni kwamba hutokea kwa mgonjwa 1 hivi kati ya 1500 wanaovuja damu tumboni.

Utaratibu wake ni huu. Vimeng'enya hula ukuta wa ateri, aghalabu ateri ya wengu. Damu hupenya na kujikusanya pembeni, ikizungukwa na utando dhaifu usio ukuta kamili wa mshipa. Tutauita uvimbe huo puto la ateri. Puto likitoboka kuelekea kwenye mrija, damu huteremka hadi duodeni. Lakini damu huganda. Bonge la damu likiuziba mrija, shinikizo hupanda, na mgonjwa huhisi maumivu makali chini ya kifua, pengine hadi mgongoni. Bonge likisukumwa nje, damu hutiririka, shinikizo hushuka na maumivu hutulia. Saa kadhaa baadaye, damu iliyokwisha kubadilishwa na utumbo hutoka ikiwa nyeusi. Kisha bonge jingine huziba na mzunguko huanza upya.

Msomaji arejelee sasa maneno ya mjomba. Kila hatua ya utaratibu huu imo ndani yake, na imo kwa mpangilio wake halisi.

(b) Vena ya wengu kuziba

Kongosho lililovimba huweza kuibana vena ya wengu hadi damu ikaganda ndani yake. Damu inayotoka katika wengu hulazimika kutafuta njia nyingine, nayo hupitia vena ndogo za mfuko wa chakula. Vena hizo hutuna, hasa sehemu ya juu ya mfuko, na zikipasuka mgonjwa hutapika damu nyingi. Dalili bainifu ni kwamba wengu huweza kuwa umevimba ilhali ini ni zima. Katika maeneo yenye kichocho cha tumbo ni rahisi kudhani kwamba vena hizo ni za kichocho. Tofauti ni kwamba katika hali hii vena za mfuko wa chakula huwa zimetuna peke yake bila za umio, au za umio zimetuna kidogo tu.

(c) Fuko bandia

Baada ya uvimbeuchungu, majimaji ya kongosho huweza kujikusanya na kuzungukwa na ukuta wa kovu, yakafanya fuko. Huitwa fuko bandia kwa sababu halina utando wa ndani kama mafuko ya kweli. Fuko hili huweza kuila ateri iliyo karibu, likajaa damu, kisha likapasuka kuingia mrijani, utumboni au hata katika uwazi wa tumbo.

(d) Vivimbe

Saratani ya kichwa cha kongosho huweza kupenya ukuta wa duodeni na kutokwa damu. Kipo pia kivimbe kiitwacho gastrinoma, kinachotokea kwenye kongosho au duodeni, ambacho hutoa homoni ya gastrini kupita kiasi. Gastrini huuamrisha mfuko wa chakula kumwaga asidi nyingi, na vidonda vingi na vikaidi hutokea. Robert Zollinger na Edwin Ellison waliieleza hali hii nchini Marekani mwaka 1955. Hapa kongosho halivuji damu lenyewe, ila ndilo linalotoa amri huku mfuko wa chakula na duodeni vikiumia.

Kwa Nini Chanzo Hiki Hukawia Kugunduliwa

Sababu ya kwanza ni kwamba damu hii huja na kukoma. Mgonjwa akifika hospitalini, huenda bonge limekwisha kuziba. Chombo cha endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kinywani, hushuka hadi duodeni na kukuta pakavu. Pia kamera ya kawaida hutazama mbele, ilhali chuchu ya duodeni iko ubavuni. Ndiyo maana daktari mwenye shaka hutumia endoskopi inayotazama ubavu.

Sababu ya pili ni mazoea. Ukuta wa mfuko wa chakula wa mtu mzima mara nyingi hauna budi kuwa na wekundu wa hapa na pale. Wekundu huo ukionekana, huandikwa kuwa ndio chanzo, mgonjwa hupewa vidonge vya kupunguza asidi na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mjomba aliruhusiwa hivyo mara mbili, na mara zote mbili alirejea akiwa amepauka zaidi.

Sababu ya tatu ni historia isiyosimuliwa au isiyosikilizwa. Mtu aliyewahi kuugua kongosho, anayekunywa pombe kwa miaka mingi, aliyepatwa na kisukari karibuni, au ambaye maumivu yake hutangulia damu kisha yakapungua, amekwisha kumpa daktari ramani. Skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa huweza kuonyesha puto la ateri, fuko bandia au vena iliyoziba. Lakini skani huagizwa na daktari mwenye shaka, na mara nyingi shaka hiyo huzaliwa na maneno ya mgonjwa.

Matibabu

Hatua ya kwanza haingoji kujua chanzo. Mgonjwa huwekewa mirija mipana kwenye vena, hupewa maji, na damu ya kundi lake huandaliwa. Kwa mgonjwa aliye imara, desturi ya sasa ni kumwongezea damu pale himoglobini inaposhuka chini ya gramu 7 kwa desilita. Anayevuja kwa kasi au mwenye ugonjwa wa moyo hupimwa kwa kigezo tofauti.

Hatua ya pili, kwa puto la ateri, ni kuziba ateri kutoka ndani. Mtaalamu hupitisha mpira mwembamba kwenye ateri ya kinenani, akaupandisha akiongozwa na picha za eksirei mpaka kwenye ateri ya wengu. Hapo huachilia koili ndogo za madini ambazo hujikunja na kugandisha damu. Ni muhimu azibe upande wa kabla ya puto na upande wa baada yake, kwani damu huweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Njia hii haihitaji kupasua tumbo, na leo ndiyo hutangulizwa kwa mgonjwa aliye imara. Mahali pengine ateri hutandazwa neli ndogo yenye kitambaa ili damu ipite bila kuingia katika puto.

Hatua ya tatu ni upasuaji, ikiwa kuziba kumeshindikana, damu imerudi au chanzo ni kivimbe. Mpasuaji huweza kuifunga ateri, au kuondoa mkia wa kongosho pamoja na wengu. Bila matibabu yoyote, wengi wa wagonjwa wenye damu ipitayo mrijani hufariki.

Kwa vena ya wengu iliyoziba na kuleta damu, dawa yenye kukata mzizi ni kuuondoa wengu, au kuiziba ateri yake ili damu inayoingia humo ipungue. Asiye na wengu hukabiliwa na hatari ya maambukizi makali maishani mwake. Hivyo hupewa chanjo dhidi ya nimokokasi, meningokokasi na Hemofilasi influenza aina ya b, ikiwezekana wiki 2 au zaidi kabla ya upasuaji. Kwa sisi tunaoishi penye malaria, huhimizwa pia kujikinga na mbu na kukimbilia matibabu mara tu apatapo homa. Gastrinoma nayo hutulizwa kwa dawa kali za kuzuia asidi kama omeprazoli, na kivimbe huondolewa pale kinapofikika.

Hatimaye, mzizi wenyewe sharti ung'olewe. Aliyeugua kwa ajili ya pombe hushauriwa aiache kabisa, na vijiwe vya nyongo huondolewa.

Somo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Turejee sasa kwenye tafsiri yangu. Mjomba alitumia viambishi ambavyo sisi huvifundisha kila mwaka. Katika "yakijaa", -ki- inaonyesha hali inayoendelea kukua. Katika "yakishajaa" na "yakishatulia", -kisha- inaonyesha tendo lililokamilika kabla ya jingine kuanza. Kiambishi hu- katika "huja" na "hutulia" kinaonyesha mazoea: jambo hili limetokea zaidi ya mara moja. Neno "ndipo" linafunga mnyororo wote kwa kusisitiza kwamba weusi wa choo huja wakati huo na si mwingine. Mimi nilichukua nomino mbili, maumivu na choo, nikaviacha viambishi vyote. Nilichokiangusha ni wakati, na katika ugonjwa huu wakati ndio dalili.

Jambo la pili ni tasfida. Kiswahili ni lugha ya staha, nayo hutupa "haja kubwa" na "kwenda msalani" badala ya maneno makavu. Staha hiyo ni pambo mbele ya wakwe, lakini mbele ya daktari huweza kuwa pazia. "Haja kubwa" haina rangi. Mjomba aliona haya kutaja choo mbele ya mpwa wake, na huenda asingalisema neno lolote kama muuguzi mmoja mtu mzima hangalimtia moyo. Mfasiri mwema humwomba radhi mzee, kisha huuliza waziwazi: ni cheusi kama lami? Kinanata? Kinanuka vibaya kuliko kawaida? Maswali haya yana faida, kwa kuwa vidonge vya madini ya chuma huweza kufanya choo kuwa cheusi, lakini hakiwi chenye kunata na uvundo kama cha damu.

Jambo la tatu ni istilahi. Wengi wetu tulilisoma neno kongosho shuleni tukalisahau. Mgonjwa akiambiwa kwamba "pankriasi" yake ina "anyurizimu", huitikia kwa heshima na kutoka bila kuelewa. Akiambiwa kwamba kongosho limekula ukuta wa mshipa, mshipa ukatuna kama puto na unavujia utumboni, ataelewa kwa nini anaombwa idhini ya kutobolewa kinenani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Cheo hicho kitakuwa jina tupu iwapo lugha itanyamaza wodini.

Hitimisho

Mjomba alilazwa mara ya tatu. Safari hiyo alimpata daktari kijana aliyejua Kiswahili, akaketi kando ya kitanda na kumwomba asimulie tangu mwanzo. Mjomba akarudia maneno yale yale ya bamvua. Daktari akamwuliza juu ya mnazi, naye akakiri kwamba ameunywa kwa miaka zaidi ya 20. Skani ikaagizwa, na puto la ateri ya wengu likaonekana. Likazibwa kwa koili. Yuko hai hadi leo, ameuacha mnazi, na huhudhuria kliniki kama alivyoagizwa, kwa maana damu ya namna hii huweza kurejea.

Tumeona kwamba kongosho huweza kuvujisha damu kupitia mrija wake, kwa kuziba vena ya wengu, kwa fuko bandia na kwa vivimbe, na kwamba kila njia ina tiba yake. Yeyote anayetapika damu au kwenda choo kama lami na afike hospitalini upesi, bila kujipa jina la ugonjwa, kwani vyanzo vya kawaida navyo huua. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Siku tutakapoitwa kufasiri kando ya kitanda, tusichukue nomino na kuacha viambishi. Mjomba alikuwa ameeleza ugonjwa wake kikamilifu tangu siku ya kwanza. Mwenye kushindwa kuufikisha kwa daktari nilikuwa mimi.